Ulimi wa Jiwe

Brant How si mlima. Hata watu wa bonde lile, ambao kwa kusifu vya kwao hawana wa kuwashinda, hawakiiti mlima. Ni kilima tu, mwendo wa saa moja kwa miguu ya mzee, kimejiinamia mbele ya milima mikubwa kama mtu aliyefika harusini bila mwaliko. Wakuja, wale wapanda milima wa kutoka mijini, hukipanda siku yao ya kwanza kunyoosha misuli, halafu hawakikumbuki tena. Kwa hiyo watu walishindwa kuelewa ilikuwaje Lanty Mounsey, aliyezaliwa chini ya kilima kile na kuchunga juu yake maisha yake yote, akafia pale.

Amos, mdogo wake, alielewa. Katika bonde zima ni yeye peke yake aliyeelewa, na kwa miaka tisa hakumwambia mtu.

Asubuhi moja ya Oktoba alimkuta Hester, mjane wa Lanty, amesimama nje ya mlango wake, amevaa viatu vya kupandia na koti la mvua la marehemu lililomvuka magoti. Jana yake alikuwa amemwambia, bila kuzunguka, "Shemeji, kesho nipandishe Brant How. Ijumaa nahama, nakwenda kwa dada yangu Kendal. Sitaki kuondoka sijapaona alipofia Lanty."

Miaka tisa Hester hakuwahi kupanda. Hata dirisha la jikoni linalotazama kilima alikuwa amelipigilia pazia nene. Tangu Lanty afe, kila Hester alipotaka kitu, Amos alikifanya: alimpasulia kuni, akamzibia paa, akamnyolea kondoo wake kabla hajanyoa wake mwenyewe. Watu walisema ni mapenzi. Wengine walisema ni undugu. Amos aliwaacha waseme.

"Umefungua kinywa kama chewa," Hester alimwambia mlangoni. "Twende au hatwendi?"

"Twende."

Nip, mbwa wa Amos, alitangulia.

Kwenye lango la chini walimkuta Kit Tyson, jirani yao, amekaa juu ya pikipiki yake ya magurudumu manne, anatafuna mkate.

"Haa! Mnapanda kufunga ndoa au?" Kit alisema. "Mbona simwoni mchungaji?"

"Anakuja nyuma, kabeba keki," Hester akajibu. "Na wewe huna kazi?"

"Kazi ninayo. Nimesimama kumwona Amos akihema tu. Mzee, ukianguka huko usiniite, mgongo wangu mbovu."

"Nikianguka nitahakikisha nakuangukia wewe," Amos alisema.

Kit alicheka mpaka makombo yakamtoka. Kisha akaonyesha juu kwa kidole. "Lango la juu mlifunge. Juzi nimelikuta wazi, kondoo majike kumi na moja yamezagaa mpaka barabarani. Wakuja hao." Akatema mate pembeni. "Kila baya, wao."

Ndivyo bonde lilivyosema. Lango likiachwa wazi, wakuja. Mwanakondoo akivunjika mguu, mbwa wa wakuja. Mvua ikinyesha wiki ya kukata majani, mtu angekaribia kusema wakuja wameileta kwenye mabegi. Amos naye alikuwa akisema hivyo hivyo, na zaidi ya wengine.

Hester aliinama kufunga kamba ya kiatu. Alijishikiza kwenye ukuta wa mawe pembeni ya lango, kiganja chake kikiwa wazi juu ya mawe, upande wa kushoto, safu ya nne kutoka chini. Amos alitazama pale kiganja kilipo, kisha haraka akamtazama mbwa.

"Nip! Njoo hapa!" alifoka, ingawa Nip alikuwa karibu na mguu wake.

"Umeamkaje leo?" Hester aliuliza, akijiinua.

"Vizuri."

Wakaanza kupanda.

Njia ilipita katikati ya magugu marefu yaliyokwisha kugeuka rangi ya kutu. Ardhi ilikuwa imelewa maji. Kila hatua ilitoa sauti ya kunyonya. Hester alipanda polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba asilokusudia kulinunua.

"Dada yangu ana zulia chooni," alisema walipopumzika mara ya kwanza. "Nimekwambia?"

"Hujaniambia."

"Zulia, Amos. Chooni. Kendal yote watu wanaishi hivyo, anasema. Nilipomwambia nina mbwa nyumbani nitakuja naye, aliniuliza kama mbwa anajua kujifuta miguu."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia anajua kuliko mume wake." Akacheka, kisha kicheko kikaisha ghafla kama kilivyoanza. "Sijui nitaongea na nani huko. Huku angalau nilikuwa na watu wa kuwachukia."

Alikuwa akisema kweli. Zamani Hester aliweka meza nje ya nyumba yake, na wapanda milima walikunywa chai pale na kula mkate wake wa tangawizi, na alijua majina ya waliorudi kila mwaka. Baada ya mazishi ya Lanty, meza aliitia moto. Akachukua ubao akaandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA CHAI, HAKUNA MAJI, HAKUNA NJIA. Njia ilikuwepo kisheria, ilibidi auondoe ubao; lakini maji hakuwapa tena. Mwanamke mmoja mjamzito aligonga mlango mwezi wa Julai akiomba glasi moja, na Hester alimtazama kupitia kioo mpaka akaenda zake. Bonde lote lililijua jambo hilo, na bonde lote lilimwelewa.

Sasa, katikati ya kilima, walikutana na vijana wawili wakishuka, mwanamume na mwanamke, ramani imening'inia shingoni ndani ya mfuko wa plastiki. Amos alijiandaa. Akamwita Nip karibu, maana alijua shemeji yake atawaka.

"Samahani, mama," yule msichana alisema. "Tunatafuta ziwa dogo. Ramani inasema liko hapa."

"Ramani yako umeishika chini juu, mwanangu," Hester alisema. Akaigeuza. "Hivi. Mmelipita. Rudini mpaka kwenye ule ukuta uliobomoka, mfuate maji kwa mkono wa kulia. Na msije mkatembea mkifuata virundo vya mawe. Vingine havina maana. Fuateni maji."

"Asante sana. Asante."

"Mna chai?"

Walikuwa nayo. Wakaaga, wakapanda tena. Amos alibaki amesimama.

"Nini?" Hester alisema bila kumtazama. "Nimechoka, Amos. Hasira ni kama kondoo, kila siku inataka kulishwa. Twende."

Amos alipaswa kufurahi kusikia maneno hayo, lakini hakufurahi. Alihisi kuna kitu Hester amekibeba ndani ya lile koti, na kwamba hakupanda kwa ajili ya kuaga tu.

Ukoo wa Mounsey ulikuwa na namna yake ya kupanga mawe. Baba yao aliwafundisha, naye alifundishwa na babake. Ukitaka kuweka alama juu ya kilima, unapanga safu tatu, pana chini na nyembamba juu, halafu juu kabisa unasimamisha jiwe bapa kwa ubavu, limeinamia upande unaotaka mtu aende. Jiwe hilo la juu waliliita ulimi. Mawe bila ulimi, baba yao alikuwa akisema, ni takataka za wakuja, yapige teke. Mawe yenye ulimi yanasema, na yanasema kweli. Na kulikuwa na sharti moja tu: aliyeweka ulimi ndiye auondoe, siku ile ile kazi inapokwisha. Ulimi usiachwe ukisema peke yake.

Miaka tisa iliyopita, Jumatatu ya mwisho ya Oktoba, Amos aliona jike mmoja amekwama kwenye Genge la Kunguru, ule mwamba uliokatika wima ubavuni mwa Brant How. Alikuwa amefuata majani mabichi, ukingo baada ya ukingo, mpaka akafika pasipo na kwenda wala kurudi. Kondoo wa namna hiyo humfuati siku ile ile. Ukimshukia akiwa na nguvu, ataruka kwa hofu, afe. Unamwacha siku tatu, nne, mpaka njaa imlegeze, ndipo unashuka na kamba unamkuta amekaa kama mzigo. Amos alipanga mawe juu ya mwamba, mahali hasa pa kushukia, akasimamisha ulimi ukielekea ukingoni. Lanty hakuwepo, alikuwa kwenye mnada wa kondoo madume, asirudi mpaka Ijumaa.

Alhamisi Amos alishuka peke yake, kamba ameipitisha mara mbili kwenye jiwe kubwa ili aivute akifika chini. Alimteremsha yule jike salama. Mvua ikaanza. Alikuwa chini ya mwamba, amelowa, hajala tangu alfajiri, kondoo kabebwa mabegani. Kurudi juu kuondoa ulimi kulitaka nusu saa. Akatazama juu. Akasema, kesho. Ijumaa akasahau.

Jumamosi ukungu ulishuka mzito kama sufi. Lanty alipanda kutafuta majike matatu yaliyopotea. Juu ya Brant How kuna njia mbili za kushukia, na kwenye ukungu zote zinafanana: moja inaingia bondeni taratibu, nyingine inaishia hewani. Lanty alikuta mawe. Pengine aliyashika kwa mkono, maana macho hayakufaa kitu. Safu tatu, na ulimi. Akaujua mkono wa nduguye.

Walimtafuta usiku kucha. Jumapili kulipopambazuka Amos alikuwa wa kwanza kufika juu, kikosi cha uokoaji kikimfuata nyuma kwenye ukungu, sauti zao zikiitana. Aliyaona mawe. Alijua hapo hapo, kabla hajachungulia chini. Na akiwa amesimama pale, mikono yake ilifanya jambo ambalo kichwa hakikuiagiza: iliutoa ulimi ikauingiza ndani ya koti. Kikosi kilipofika kilikuta rundo la mawe tu, kama yale yanayorundikwa na wakuja kila mahali.

"Washenzi," mmoja alisema. "Tazama walipoliweka."

"Ndiyo," Amos alijibu.

Neno hilo moja. Mengine yote yalizaliwa na hilo.

Amos na Hester walifika juu saa nne. Upepo ulikuwa baridi lakini anga safi. Bonde lilionekana lote, nyumba ya Hester na ya Amos, kuta zikipanda milima kama mishono. Hester hakutazama bonde. Alisimama hatua tano kutoka ukingoni.

"Ni hapa?"

"Hapa."

"Pazuri," alisema. "Nilifikiri patakuwa pabaya."

Mawe hayakuwepo tena. Kikosi kiliyatawanya siku ile ile. Waliketi kwenye nyasi. Hester alimimina chai kutoka kwenye chupa, akatoa mkate wa tangawizi na kipande cha jibini kilichofungwa kwenye karatasi. Mkate wa tangawizi hakuwa ameuoka kwa miaka. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha.

"Unamkumbuka yule mwalimu? Pilling?"

Amos alimkumbuka. Alikuwa mtu mwembamba mwenye masikio makubwa, kutoka mji wa Oldham. Wiki ile alikuwa amewaleta watoto ishirini na wawili wa shule kupanda Brant How. Hakuna aliyemwita kwenye uchunguzi wa kifo. Alisoma gazetini akaja mwenyewe. Alisimama mbele ya hakimu akasema kwamba watoto wake walirundika mawe wakati wa chakula cha mchana, mahali kadhaa, na yeye hakuwakataza, na hakumbuki vizuri wapi. "Inawezekana ni sisi," alisema. "Nadhani ni sisi." Amos alikuwa amekaa kiti cha nyuma yake. Angeweza kumgusa bega.

"Kila Novemba ananitumia kadi," Hester alisema. "Hujui hilo. Sikumwambia mtu. Kadi nane. Hasemi mengi. Anasema anafikiri habari za Lanty, na za mimi. Ualimu aliuacha mwaka ule ule. Mwaka huu imekuja mapema, na si mwandiko wake. Ni mke wake. Anasema mumewe hawezi kushika kalamu tena, ila amemwomba asikose kuiandika." Akafungua karatasi. "Kwa hiyo nimejibu. Nataka kuisoma hapa kwanza, halafu niiposti."

"Hester..."

"Ngoja. Nikisimama sitaanza tena." Akasoma, kwa sauti ile anayosomea bei za malisho: "'Mwalimu Pilling. Kadi zako zote zilifika. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa inanipa kitu cha kufanya asubuhi. Watoto ni watoto, huwezi kushika mikono arobaini na minne kwa mara moja. Nimekusamehe. Si leo tu, nadhani msamaha ulianza zamani nikawa naukataa. Lanty alikuwa mtu wa vicheko, angekuchoka kwa kadi zako. Lala vizuri sasa. Ukipata nafuu njoo Kendal unywe chai. Hester Mounsey.'"

Alikunja karatasi, akaikunjua tena.

"Nimeacha nafasi hapa chini," alisema. "Wewe ni ndugu yake. Nataka na wewe uweke jina lako, aone tumemsamehe wote." Akampa kalamu.

Amos aliishika. Ilikuwa kalamu ya kawaida, ya bluu, iliyoandikwa jina la duka la chakula cha mifugo. Aliweka karatasi juu ya goti. Alifikiri: andika tu. Andika, na mzee yule wa Oldham atakufa akiwa na amani, na Hester atakwenda Kendal akiwa na amani, na wewe utabaki hapa kama ulivyobaki. Nani ataumia? Akagusisha ncha kwenye karatasi. Akatoa herufi ya kwanza, A. Kisha mkono ukasimama.

"Haina wino?" Hester aliuliza.

"Lile rundo lilikuwa na ulimi," Amos alisema.

Hester alimtazama. Alikuwa ameishi katika ukoo ule miaka thelathini. Neno hilo halikuhitaji maelezo.

"Rundo lipi?"

"La hapa."

"Watoto wa shule hawaweki ulimi."

"Hawaweki."

Nip alijikuna, akalala. Hester aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba nyasi zinaweza kuvunjika.

"Sema yote," alisema. "Usirukie."

Akasema yote. Jike lililokwama, kamba, mvua, njaa yake, kesho. Alipofika kwenye koti, akasema na hilo. Hakulia. Alizungumza akitazama viatu vyake, na alipomaliza aliona bado ameshika kalamu.

Hester hakuuliza lile Amos alilolingojea.

"Unajua tuligombana asubuhi ile?"

"Hapana."

"Tuligombana. Juu ya chumvi, au ndoo, sijui, kitu cha kijinga. Nilimwambia natamani ningeolewa na mtu mwingine. Akavaa kofia akatoka." Akavuta pumzi. "Halafu mnaniletea habari kwamba amefuata mawe ya wakuja. Lanty! Lanty aliyekuwa akiyapiga teke akipita, hata ukungu uwe vipi! Nikasema moyoni, hakuyafuata. Hakuna Mounsey anayefuata mawe yale. Ameyaona, amejua yako wapi, na ameendelea kutembea." Sauti yake ilipasuka hapo, akaishika tena. "Miaka tisa, Amos. Miaka tisa nimelala nikijua mume wangu alijiua kwa ajili ya maneno yangu. Niliwachukia wakuja mchana. Usiku nilijua ni mimi."

"Sikujua," Amos alisema. "Hester, Mungu ni shahidi, hilo sikulijua."

"Ungejuaje? Uliniuliza?"

Hakuwa amemwuliza. Alimpasulia kuni.

"Alikuwa anakuja nyumbani," Hester alisema, polepole, kana kwamba anajifunza kusoma. "Aliona ulimi, akadhani umemwekea njia. Alikuwa anakuja nyumbani."

"Ndiyo."

Akamnyang'anya karatasi gotini. Akatazama ile herufi A iliyosimama peke yake chini ya jina lake.

"Nisamehe," Amos alisema. Alikuwa amelikalia neno hilo muda mrefu mno, lilitoka dogo.

"Huu msamaha," Hester alisema, akiinua barua, "umenichukua miaka tisa kuupata. Ulikuwa mmoja, na una jina la mtu. Sina mwingine." Akaichana katikati, mara moja, bila hasira. "Na mwalimu hauhitaji. Mimi ndiye wa kumwomba. Nilimwacha mtu wa watu akioza kwa kadi nane, na wewe ulikuwa ukila mezani kwangu kila Jumapili."

"Nitamwandikia. Leo."

"Andika usiandike. Mimi nitamwandikia usiku huu." Alisimama, akakung'uta koti. "Lile jike je? Lilipona?"

Amos alitaka kusema hapana. "Lilipona. Lilizaa mara tano."

Hester akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei na kuiona ya haki.

"Na ulimi? Uliutupa?"

"Nilishindwa kuutupa. Na nyumbani nilishindwa kuuweka. Uko ukutani. Lango la chini, kushoto. Safu ya nne."

Alimwona akikumbuka. Alimwona akitazama kiganja chake.

"Ndiyo maana ulimfokea mbwa," alisema.

Hester alimpigia mruzi Nip, na Nip, mbwa wa Amos kwa miaka sita, alimfuata hatua ishirini kabla ya kugeuka na kusimama katikati, asijue wa nani. Chupa ya chai na mkate alivibakiza kwenye nyasi.

Amos alimwona akishuka, lile koti kubwa likipigapiga, mpaka akafika langoni. Kutoka juu alikuwa mdogo kama kidole. Alimwona akiinama, akipapasa jiwe moja baada ya jingine. Kisha akaanza kuvuta. Ukuta ule haukuwa na saruji wala udongo. Mawe yalishikana kwa uzito wake tu. Alivuta kwa mikono miwili, mguu akiukita chini ya ukuta, na ulipotoka, yaliyo juu yake yakafuata yote, kipande cha ukuta cha upana wa mlango. Mlio ulimfikia Amos baadaye kidogo. Hester aliukumbatia ulimi kifuani, akavuka pale pale penye pengo, akaenda nyumbani bila kugeuka.

Amos alifika chini saa saba. Bonde lile lina msemo: pengo halilali. Ukuta ukianguka leo, unajengwa leo, hata kama mvua inanyesha. Katika maisha yake hakuwahi kuacha pengo lilale. Alivua koti, akaanza kupanga mawe yaliyoanguka, makubwa upande huu, madogo upande ule. Safu ya kwanza hadi ya tatu zilikuwa zimesimama. Alijaribu jiwe moja safu ya nne, likacheza. La pili, likacheza. La tatu alilizungusha pande zote, halikukaa. Majike mawili yalikuja yakapita katikati ya pengo, taratibu, yakimtazama, yakaelekea barabarani. Hakuyazuia.

Akasikia pikipiki ya Kit.

"Mungu wangu!" Kit alizima injini. "Pengo kwenye ukuta wa Mounsey! Leo nimeishi kuona. Na bibi arusi yuko wapi? Nimempita njiani kabeba jiwe kama mtoto, namsalimia hata hanioni." Akashuka, akaweka mikono kiunoni, akaukagua ukuta. "Wamepita hapa, ee? Nimewaona wawili asubuhi na ramani yao shingoni. Nilijua tu. Wakuja."

Amos alikuwa amepiga magoti, jiwe mkononi.

"Si wakuja," alisema. "Ni mimi."

Kit alicheka, akampiga bega. Akaendelea kucheka kidogo, peke yake, kisha akaacha.